Magitaa Matatu na Fremu Tupu

Sehemu ya tano

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni yule mwanamke wa duka la miwani mwenye magitaa mawili ya besi na mume mmoja, na mpaka wiki iliyopita nilikuwa sijafanikiwa kuwafanya watatu hao waishi nyumba moja kwa amani.

Gitaa la kwanza naliita Shangazi. Ni la kahawia, zito kama mlango wa benki, limechubuka tumboni, na sauti yake, nilivyoamini, ni ya mwanamke aliyeamka vibaya. La pili ni Bi Harusi: jeupe, jembamba, jepesi, linang'aa mpaka unaona meno yako. Hilo nililinunua kwa siri nikamwambia mume wangu ni ubao wa kupigia pasi. Alikaa siku tatu kabla ya kuuliza kwa nini ubao una nyuzi.

Mume wangu ni fundi bomba, na ndiye mpiga ngoma wa bendi yetu. Dada yake, yaani wifi yangu, ni karani wa posta, na yeye naye ana besi. Yangu yana nyuzi nne nne. La kwake lina tano. Analiita Mkurugenzi, na kabla ya kulitoa kwenye mfuko hunawa mikono.

Bendi ilihitaji mpiga besi mmoja. Jumamosi saa sita mchana, mama mwenye ukumbi mkubwa kuliko zote mjini alikuwa anakuja kutusikiliza, na akituridhia tungekuwa bendi ya ukumbi wake mwaka mzima. Kiongozi wetu akatoa amri: kabla ya saa sita hiyo atakuwa amechagua gitaa moja na mtu mmoja. Atakayebaki atakunja waya.

Mimi nilikuwa na miaka miwili ndani ya bendi. Wifi alikuwa na wiki tatu. Hapo ndipo tulipoishia.

*

Asubuhi ya Jumamosi nilianza kwa kuchemsha nyuzi.

Msishangae. Nyuzi za besi ni nene, zimezungushiwa waya mwembamba, na uchafu wa vidole hujificha kwenye mizunguko hiyo mpaka zinapiga kama kamba za viatu. Mpiga besi asiyetaka kununua mpya huzivua, huzichemsha dakika kumi, huzifuta, na zinarudi ujana. Nikachukua sufuria, nikazitia nyuzi nne za Shangazi, nikaenda kuoga.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama jikoni na kijiko mkononi. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba ameonja, ameona hakuna chumvi, ameweka. Akaongeza kuwa bado ni ngumu, nisiwe na haraka ya kuepua.

"Mama, hizo ni nyuzi za gitaa."

Akaitazama sufuria. Akanitazama mimi. "Ndiyo maana zilikuwa hazikatiki," akasema.

Nikamuuliza ameweka chumvi kiasi gani. Ya watu sita, akasema, kwa sababu alijua wifi yangu atapita.

Nikazisuuza, nikazifuta kwa taulo, nikazirudisha kwenye gitaa. Zilikuwa zinang'aa, lakini ukizipapasa zilikwaruza kama ulimi wa paka. Nikajikaza. Nilijua nina Bi Harusi wa akiba.

Mume wangu alikuwa mlangoni anafunga ngoma zake kwa kamba. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, leo akili yake iko upande gani.

Akasema yeye ni mpiga ngoma tu.

"Sikukuuliza kazi yako."

Akakaza fundo ambalo lilikuwa limeshakazwa. Tangu wifi aanze kuja mazoezini, kila nikimuuliza nani kapiga vizuri, alisema wote. Kila wifi alipomuuliza, wifi mwenyewe kaniambia, alisema wewe. Mwanamume anayesema "wote" kwa mkewe na "wewe" kwa dada yake ameshachagua, amebakiza kutangaza.

*

Chumba chetu cha mazoezi kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Mwenye duka alitupa magodoro yaliyolowa mvua, tukayaegemeza ukutani, na tangu hapo majirani wamepungua kulalamika na panya wameongezeka kulala.

Kiongozi alishafika. Kazi yake ya kila siku ni mwalimu wa udereva, na jioni anaimba na kupuliza tarumbeta, lakini mdomo wake haujawahi kutoka kwenye gari. Ukiwahi sana atakuambia umeruka taa. Ukichelewa atakuambia achia breki. Siku hiyo alikuwa amevaa koti na jasho linamtiririka, ingawa feni ilikuwa inazunguka pembeni ya ngoma kwa nguvu zake zote.

Nyuma ya kinanda alikaa Babu Kinanda. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini, kisha akastaafu akaja kwetu. Haongei. Anakaa wima, vidole vinakwenda, macho yako mbele, kama vile bado kuna hakimu anamsomea hukumu.

Wifi aliingia wa mwisho. Amenawa mikono, Mkurugenzi mgongoni.

"Wifi," akasema.

"Wifi," nikamjibu.

Ukisikia wifi wawili wanasalimiana kwa neno moja moja, hamisha vyombo vya udongo.

Kiongozi akauliza tutachagua vipi bila upendeleo. Akamtazama mume wangu. Mume wangu akaitazama feni. Hapo nikasema nina njia, kwa sababu kulinganisha ndiyo kazi inayonilisha.

Nikawaeleza. Dukani kwetu mteja huvalishwa fremu ya chuma, daktari wa macho anaagiza, mimi natia lenzi na kutoa lenzi. Namuuliza mteja: hivi, au hivi? Haoni ninachotia. Hajui ya bei gani, hajui ya nani. Anachagua kwa jicho lake tu. Basi na sisi tufanye hivyo hivyo kwa sikio. Tutundike shuka katikati ya chumba. Sisi wapiga besi wawili tukae nyuma ya shuka na spika ya besi, wao mbele na vyombo vyao. Tupige wimbo mmoja, ubeti mmoja, mara kadhaa. Kila mara nitataja namba tu.

Kiongozi akaipenda. Akasema huo ndio mtihani wa kweli, ule wa kuegesha gari kinyumenyume bila kutazama nyuma. Shuka likatundikwa, la maua, la mama mkwe.

Kuna kitu kimoja sikuwaeleza. Dukani kuna wateja wanaokuja kutafuta miwani ya fahari, macho yao mazima kama ya mwewe. Kwa hao, daktari hunikonyeza. Natoa lenzi zote, namwachia mteja fremu tupu, namuuliza: na hivi je? Akisema hapo ndipo anaona vizuri kuliko zote, tunamshika mkono, tunamsindikiza mlangoni.

Nilikuwa na mteja wa namna hiyo mbele ya shuka. Nilikuwa nimeolewa naye.

*

Namba moja nilipiga Shangazi. Nyuzi za chumvi zililia chini ya vidole vyangu, lakini ngoma zilikuwa zinanguruma, nikahisi mtetemo tumboni kama siku zote, nikaridhika.

Namba mbili nilipiga Bi Harusi. Laini. Vidole vinateleza vyenyewe. Miezi mitatu nimekuwa nikiwaambia watu dukani kwamba gitaa hilo lina sauti ya maziwa ya moto.

Namba tatu alipiga wifi na Mkurugenzi wake. Nilimtazama mikono. Sikupenda nilichokiona, nikaacha kutazama.

Kiongozi akaomba dakika ya kutafakari. Kutoka nyuma ya shuka tukamsikia akitoa maelezo marefu. Namba moja ina changarawe barabarani. Namba mbili imetulia, ni gari la kampuni, lakini haina roho. Namba tatu ina nguvu mlimani. Mume wangu akasema kwa haraka mno kwamba yeye ni tatu, tatu kabisa.

Nyuma ya shuka, wifi akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande ulionielekea.

"Bado moja," nikatangaza. "Namba nne."

Wakaanza ubeti. Nikalilaza Shangazi juu ya godoro, nikalilaza Bi Harusi pembeni yake, nikakunja mikono kifuani. Wifi akanitolea macho. Nikamwekea kidole mdomoni. Yeye naye, kwa udadisi tu wa kuona nitaishia wapi, akamshusha Mkurugenzi, akakunja mikono. Tukakaa vile, wifi wawili kama wateja kwenye foleni ya posta, mpaka ubeti ukaisha.

Kisha Kiongozi akashusha pumzi ya mtu aliyefika nyumbani.

"Namba nne," akasema. "Miaka yote nimekuwa naisubiri hiyo besi."

"Nne," akasema mume wangu. "Nilikosea. Hiyo nne imenishika hapa."

Nikalivuta shuka. Nilitaka nimwone usoni. Nikawaambia kwamba namba nne hakuna aliyepiga. Magitaa yote yamelala, nendeni mkayaone.

Mume wangu akayaona. Akasema huenda yamelala sasa hivi. Wifi akamwambia kaka yake kwa utaratibu kwamba tulikuwa tumekunja mikono tangu mwanzo wa ubeti, na kwamba yeye alitumia muda huo kuhesabu maua ya shuka.

"Lakini mimi nimesikia besi," Kiongozi akasema.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo na mimi nilipopata baridi. Kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeisikia.

*

Tukaufuata waya. Kutoka kwenye gitaa mpaka kwenye spika ya besi, sawa. Kutoka spika, chini ya shuka, nyuma ya ngoma, mpaka kwenye ekstensheni yenye matundu mawili. Tundu moja lilikuwa na plagi ya kinanda na vipaza sauti. Tundu la pili lilikuwa na plagi ya feni.

Plagi ya spika ya besi ilikuwa imelala sakafuni, imevaa vumbi kama soksi.

Taa nyekundu ya spika ile ilikufa kabla sijajiunga. Siku zote tulijua imekufa taa tu.

"Nani aliitoa?" Kiongozi akauliza.

Mume wangu akakuna shingo. Akasema ilikuwa kipindi kile cha joto. Akasema alikusudia kuirudisha. Nikamuuliza kipindi kipi cha joto. Akasema kile ambacho ndiyo kwanza nilikuwa nimejiunga na bendi.

Miaka miwili. Miaka miwili nimepiga besi kwenye harusi za watu, sherehe za watu, ufunguzi wa maduka ya watu, na popote tulipokwenda alikuwa anafunga vyombo yeye, na popote tulipokwenda alibeba feni.

"Sasa hiyo sauti ilitoka wapi?" nikauliza.

Tukageuka sote kwa pamoja. Babu Kinanda alikuwa amekaa wima. Akauinua mkono wake wa kushoto, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nilidhani mnajua," akasema.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mwezi uliopita. Kisha yakafuata mengine, ya mwaka mzima. Akaeleza kwamba siku ya kwanza nilipokuja aliona hakuna kinachosikika upande wa chini, akashusha mkono wa kushoto kuziba pengo. Kesho yake hivyo hivyo. Akadhani ndiyo taratibu ya hapa: msichana anasimama na gitaa kwa ajili ya kupendezesha jukwaa, yeye anapiga. Hakuona vibaya. Mahakamani pia kulikuwa na watu wa namna hiyo.

Wifi aliketi juu ya godoro akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamkumbusha kwamba wiki tatu zilizopita naye alipiga hapa hapa, kwenye spika hii hii, na mimi nilimsikia akijisifu ngazini. Akanyamaza ghafla, kama redio iliyoisha betri.

Kiongozi alikaa juu ya ngoma kubwa. Aliwaza kwa sauti. Kama ni hivyo, akasema, bendi hii imekwenda miaka miwili bila besi na haijagonga mti. Kwa nini basi tusiache hivyo hivyo? Kinanda kiendelee. Wapiga besi wote wawili wakunje waya.

Nikatamani sakafu ipasuke nidondokee kwenye magodoro.

Aliyeniokoa ni Babu. Akasema daktari alimkataza kuutumia mkono ule mwaka jana, kifundo kimechoka, miaka thelathini ya mahakama na miwili yetu. Alivumilia kwa sababu hakutaka kumwaibisha mtoto wa watu. Lakini kwa kuwa sasa siri imetoka yenyewe, anaomba kustaafu upya. Akautia mkono wa kushoto mfukoni mwa suruali, akafunga na kifungo.

Saa ukutani ilisema tano na dakika ishirini.

*

Feni ikachomolewa. Spika ikachomekwa. Ikakohoa, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, ikaanza kuvuma taratibu, na panya wawili wakahama.

Nilimchomeka Bi Harusi kwanza, mpenzi wangu wa maziwa ya moto. Hakuna kitu. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Hakuna. Wifi akainama, akafungua kifuniko kidogo mgongoni mwa gitaa, akanionyesha kwa ncha ya kucha. Kulikuwa na nafasi ya betri. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya kiwandani, bado imebandikwa, imeandikwa weka betri kabla ya kutumia.

"Sauti ya maziwa," wifi akasema.

Nikakirudisha kifuniko. Kuna nyakati mtu anastahili.

Tukabaki na magitaa mawili. Kiongozi akasema safari hii anataka kujua kama tofauti ni gari au ni dereva. Kila mmoja apige Shangazi, kila mmoja apige Mkurugenzi, tupange wenyewe tuanze na lipi, tusiwaambie. Shuka likarudishwa. Mume wangu aliapa hatajali ni nani, na safari hii nikamwamini, maana alikuwa amevuliwa nguo zote kwa siku hiyo.

Namba moja, wifi na Mkurugenzi. Sauti ilitoka ikajaza chumba kama maji yanavyojaza ndoo. Safi, ya kazi, ya ofisini.

Namba mbili nikampiga Mkurugenzi mimi. Sijui niseme nini. Uzi wa tano ulikuwa unanikuta kila nisipoutarajia. Nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu gizani akitafuta swichi.

Namba tatu, mimi na Shangazi wangu. Hii ndiyo nafasi, nikajiambia.

Nikajisikia kwa mara ya kwanza maishani.

Nilikuwa nachelewa. Si sana. Nusu ya nusu, kama mtu anayefunga vifungo vya shati huku anatembea. Kila mume wangu alipopiga ngoma, mimi nilikuwa nyuma yake nahema. Miaka miwili nilikuwa nachelewa hivyo hivyo na mkono wa mzee unanifunika, na mimi nikirudi nyumbani najitazama kwenye kioo nikiwa na gitaa, nageuza shingo, najipenda. Nyuzi zikakwaruza, zikalia, ubeti ukaisha, nikamshukuru Mungu kwa lile shuka.

Nikamvulia wifi mkanda wa Shangazi bila kumtazama. Akalipokea, akayumba kidogo kwa uzito, akapapasa nyuzi. Akanong'ona kuuliza kwa nini zina chumvi.

"Mama yako," nikanong'ona.

Akatikisa kichwa kama mtu anayemjua mama yake. Kisha akapiga.

Hapa ndipo ningependa kuwadanganya, lakini nimeshawaahidi ukweli. Shangazi, yule aliyekuwa akininung'unikia mimi miezi yote, aliimba. Ule ukwaruzaji ambao kwangu ulikuwa kelele, kwake ukawa mguno mtamu, kama mtu mzima anayecheka akiwa ameshiba. Ngoma na besi vikatembea mguu kwa mguu. Lilikuwa gitaa langu. Nililichagua mimi, nililibeba mimi, nililipenda wakati kila mtu aliliita mlango. Na lilikuwa linamngoja mtu mwingine.

Ubeti ukaisha. Wifi akavua mkanda.

"Chukua mzigo wako," akaninong'oneza. "Bega linaniuma."

Nikalivaa. Sikuwa na nia yoyote, naapa. Mtu akikupa kitu chako, unakipokea.

Ng'ambo ya shuka hakukuwa na maelezo marefu.

"Nne," akasema Kiongozi.

"Nne," akasema mume wangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa alichokisema.

"Nne," akasema Babu Kinanda, ambaye hata hakuulizwa.

Kiongozi akalivuta shuka mwenyewe. Akaniona. Mimi, katikati, Shangazi kifuani, mkanda begani, waya umechomekwa. Wifi pembeni, mikono mitupu.

Uso wake ukafunguka. Akasema alijua, alijua tu, siku zote alijua ndani kuna injini. Mume wangu akaruka ngoma, akanikumbatia pamoja na gitaa, akaniambia sikioni kwamba amekuwa mjinga wiki tatu nzima, na kwamba kuanzia leo hatasema "wote" tena. Macho yake yalikuwa yamelowa. Miaka minne ya ndoa, hakuwahi kunitazama vile.

Ilikuwa sentensi moja tu. Si mimi, ni wifi. Maneno manne. Dukani nasema maneno elfu kwa siku kuhusu miwani ambayo siipendi.

Nikanyamaza.

Nikamtazama wifi, nikingoja aseme yeye. Alikuwa na haki. Alikuwa na mdomo pia, tangu lini wifi akakosa mdomo. Lakini alinitazama tu, kwa makini, bila hasira, kama anayepima barua mkononi kujua uzito wake. Kisha akainama akaanza kukunja waya za ziada, duara baada ya duara, kwa ustadi, kama alivyoagizwa aliyeshindwa.

Hilo lilinichoma kuliko kama angenizaba kofi.

*

Hatujakaa sawa, tukasikia viatu ngazini. Mama mwenye ukumbi aliingia dakika thelathini kabla ya saa, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akavuta kiti, akakaa kabla hajakaribishwa. Kiongozi akaanza hotuba. Akamkata.

Akasema yeye si mtu wa hotuba. Alikuwa anapanda ngazi, akasikia besi mpaka kwenye magoti, akalazimika kushika ukuta. Ameshawahi kuajiri bendi tatu, na zote zilikuwa kama chai ya jana, kwa sababu chini hakukuwa na kitu. Basi hana haja ya kusikia wimbo mzima. Hana haja ya mwimbaji.

"Aliyepiga mara ya mwisho," akasema, "apige tena ubeti ule ule. Peke yake na ngoma. Nikisikia nilichosikia, tumemaliza, nyote mna kazi. Nisiposikia, nina bendi nyingine inaningoja saa saba."

Kiongozi akanionyesha kwa mikono yote miwili, kama anayefungua mlango wa gari.

Mume wangu akarudi kwenye kiti chake, akaokota fimbo, akanikonyeza.

Nikamgeukia Babu Kinanda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, na kifungo kimefungwa. Nikamwomba kwa macho, kwa namna ambayo sijawahi kumwomba mtu kitu. Akanitazama. Yeye ni mpiga chapa wa zamani, amesikia uongo mwingi ukisomwa kwa sauti, nadhani aliutambua wangu. Akautazama mfuko wake. Vidole vikasogea ndani ya kitambaa. Vikatulia.

Na wifi?

Wifi alikuwa amefika kwenye ekstensheni. Alichuchumaa pale chini, waya zilizokunjwa begani, na vidole vyake viwili vilikuwa vimeishika plagi ya spika ya besi. Akiichomoa, sitasikika, na kama Babu ana huruma, mkono wa kushoto utatoka mfukoni na hakuna atakayejua kamwe. Akiiacha, nitasikika.

Sikujua ni lipi kati ya hayo mawili lingekuwa wema na lipi lingekuwa kisasi. Yeye alijua, maana alikuwa anatabasamu tena, na safari hii kwa pande zote mbili za mdomo.

"Hivi," akaniuliza, akiisogeza plagi kidogo nje, "au hivi?" akairudisha ndani.

Mume wangu akagonga fimbo zake. Moja. Mbili. Tatu.